Shavu la Bibi

Mpaka leo siwezi kumenya kitunguu bila kuhisi mate ya mtu mwingine mdomoni mwangu. Ni ile ngozi nyembamba ya ndani, inayobaki imenata kwenye kidole ukishatenganisha matabaka mawili. Nina mgahawa mdogo hapa Nyakahura, kando ya barabara ya malori, na kila asubuhi tunamenya vitunguu ndoo nzima. Ikininata ile ngozi, naifuta kwenye aproni, naenda kunawa, na wasichana wangu wa jikoni wanatazamana. Wananiona mama wa kinyaa. Kwangu vijiko vinachemshwa, vikombe havipokezanwi, na mteja akionja mchuzi kwa kijiko chake kisha akakirudisha kwenye sufuria, basi sufuria hiyo ni yake, aende nayo. Watu wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi, nilifundishwa shuleni, kipindi cha marudio.

Nyinyi tuliosoma pamoja shule za kata mnakumbuka marudio ya kidato cha pili yalivyokuwa. Ukifeli unarudia darasa, na nyumbani wakichoka kukungoja unapewa jembe. Baiolojia ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hatukuwa nacho, kwa hiyo tulijitafsiria na kuimba tukienda kuteka maji: ukuta wa seli, mmea anao, mnyama hana, kiini, wote wanacho. Tuliimba mpaka wadogo zetu wasiojua kusoma wakawa wanaimba nao. Kulikuwa na msichana wa darasa la pili pale Nyakisasa, kijijini kwetu, aliyeweza kukutajia sehemu zote za seli ya mmea huku hajui kuandika jina la baba yake.

Lakini kabla ya seli niwaambie kwanza habari za Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Mama aliponizaa aliugua sana, na maziwa yakakauka. Maziwa ya ng'ombe yaliniharisha. Ikawa nimelelewa na mdomo wa Bibi. Alichukua ndizi ya kuchoma, au maharage, au kipande cha nyama siku ya Noeli, akatafuna polepole huku ananitazama, mpaka kikalainika kabisa, kisha akakichota kwa kidole na kukiweka juu ya ulimi wangu. Bibi zetu wengi walilea hivyo, na sidhani kuna aliyeuliza. Mtoto hana meno, bibi anayo, basi.

Meno yenyewe yalikuwa ya kahawia. Bibi alivuta kiko tangu ujana wake, na tumbaku yake alilima mwenyewe nyuma ya nyumba. Mbele alikuwa na mwanya mpana, na huko nyuma jino moja bovu ambalo siku za baridi harufu yake ilifika kabla ya maneno yake. Utotoni sikuiona kuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya Bibi, na mimi nililala naye kitanda kimoja, pua yangu shingoni kwake, nikaona ndivyo dunia inavyonuka.

Alijivunia kazi ile. Tukikutana na mtu njiani tukitoka misa, alinisukuma mbele kidogo na kusema, “Huyu nimemtafunia mimi.” Alilisema kama mwanamke mwingine anavyosema huyu nimemzaa. Na watu walikubali, maana nilikuwa na mwanya ule ule, sauti nzito ile ile, na ubishi. Nikigoma kutumwa, jirani yetu alicheka akasema, “Mwacheni, huyo hakuzaliwa, alitafuniwa.” Mimi nilijiona mtu mwenye bahati, maana watoto wengine walikuwa na mama tu.

Hadubini ya shule ilikuwa moja. Ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule ndani ya sanduku la mbao, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge, nasi hatukuwa tumeiona kwa macho tangu tuanze. Ilisemekana ilitoka Lukole, kambi za wakimbizi zilipofungwa na vitu vikagawanywa. Wavulana wa nyuma walituapia kwamba huko kambini kazi yake ilikuwa kutazama vinyesi vya wagonjwa wa kipindupindu. Hakuna aliyekuwa na uhakika, ila hakuna aliyesahau. Kwa hiyo Mwalimu Erasto alipoiweka mezani karibu na dirisha na kugeuza kile kioo cha chini kutafuta jua, wenzangu walikuwa wanawaza mtihani, mimi nawaza vinyesi. Tukapanga foleni kuchungulia. Wiki hiyo nusu ya darasa walikuwa na macho mekundu yanayotoa tongo, na kila aliyetoka alikuwa ameacha joto lake na unyevu wake pale juu unapoweka jicho. Nilipafuta kwa pindo la sketi na kuchungulia nikiwa nimeshikilia pumzi.

Kitunguu kilikuwa kizuri. Sitadanganya. Mwalimu alibandua ile ngozi nyembamba, akaitandaza kwenye kioo, akadondosha aidini, na humo ndani mlikuwa na vyumba vimepangwa safi kama matofali kwenye tanuri, kila chumba na kidoa chake. Nilitamani kubaki na kitunguu. Nadhani kama somo lingeishia pale ningekuwa leo mtu mwingine, anayekunywa maji kwenye kikombe chochote.

Kisha Mwalimu akasema, “Mmea tumemwona. Sasa tumtazame mnyama.” Akatafuta mnyama kwa macho, akanipata mimi niliyekaa dawati la mbele.

“Koleta, fungua mdomo.”

Akavunja kichwa cha njiti ya kiberiti, akanikwangua ndani ya shavu. Uliotoka ulikuwa ute mweupe wenye chembe ya ganda la haragwe. Akaupaka kwenye kioo mbele ya watu wote, akatia aidini, ukawa na rangi ya mkojo wa mtu mwenye homa. Restuta, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, akaninong'oneza kwamba sikusukutua. Nikachungulia. Niliona vigamba vya kimanjano vilivyokunjamana, vimepandana ovyo, kila kimoja na jicho jeusi katikati. Kitunguu, kitu cha kukaangia, kilikuwa kimepangwa vizuri kiasi kile, na mimi niliyebatizwa nilikuwa taka zilizofagiliwa uwanjani.

“Hizi hubanduka kila siku,” Mwalimu akasema. “Ukitafuna, ukimeza, zinashuka na mate. Na hivi vidoa vidogo vidogo pembeni ni bakteria.”

Sijui nani alinituma. Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, na kama mtu anatafuna chakula, halafu anampa mwingine?”

“Mwingine nani?”

“Mtoto. Mtoto mchanga.”

Mwalimu Erasto alikuwa kijana wa mjini, hajakaa kwetu hata muhula mzima. Alikunja uso kama mtu aliyefunua sufuria ya jana. “Basi huyo mtoto,” akasema, “amekula shavu la mtu.”

Kicheko kilianzia mbele, kikafika katikati ya darasa, kikafa. Nyuso zilikuwa zinahesabu bibi zao. Restuta akainuka bila ruhusa, akaenda dirishani, akatema. Mwingine akamfuata. Muda si mrefu darasa zima tulikuwa nje tumejipanga ukutani tunatema mate, wavulana kwa wasichana, na Mwalimu amesimama mlangoni na njiti yake hajui kosa lake ni lipi.

Wenzangu walitema wakamaliza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza, kwa sababu somo lililofuata lilikuwa kugawanyika kwa seli. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane, na Mwalimu aliendelea kuchora duara ubaoni mpaka chaki ikamwishia mkononi. Nikaziunganisha habari hizi mbili kwa akili yangu mwenyewe. Seli za Bibi zilikuwa zimeshuka tumboni mwangu zikiwa hai, tangu sijui kuongea. Seli hugawanyika. Hakuna aliyeziambia ziache. Basi huo mwanya haukuwa wangu, sauti haikuwa yangu, hata ule ubishi. Watu hawakuwa wanasema tu kwamba nimefanana naye. Bibi alikuwa ameota ndani yangu kama uyoga kwenye gogo, na jino lake bovu sijui lilikuwa wapi.

Nilisugua ulimi kwa majivu mpaka ukachubuka. Nilikunywa maji ya chumvi nyuma ya choo, nikatapika, nikayatazama matapishi nikitafuta kitu cha rangi ya tumbaku. Nikiongea nilijisikia Bibi anaongea. Nikimeza mate nilijiuliza ni ya nani. Usiku nililala ukingoni mwa kitanda, mgongo wangu kwake, na yeye akanivutia blanketi akidhani nasikia baridi.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na Deo, mtoto wa dada yangu mkubwa. Dada alikuwa amekwenda Kahama kutafuta kazi, akamwacha ndiyo kwanza anaachishwa ziwa, na Bibi akampokea kama alivyonipokea mimi. Nilikuwa nimeyaona hayo kila siku bila kuyaona. Jioni moja nikarudi kutoka kuteka maji, nikamkuta Bibi kwenye mkeka, Deo mapajani, anatafuna karanga. Akatoa kidole mdomoni. Kati ya kidole na mdomo wake kulikuwa na uzi wa mate, mrefu, unang'aa kwenye jua la jioni, na Deo amefungua mdomo anaungoja kama kifaranga. Nikaudaka mkono wa Bibi hewani.

“Bibi, usimpe.”

“Kuna nini? Zimeoza?”

Niwaeleze kidogo. Nyumbani tulisema Kihangaza, na Bibi nami hatukuwahi kusemeshana lugha nyingine. Kiswahili alikuwa nacho, lakini alikiweka kama viatu vyake vya misa: cha padri mgeni, cha mtendaji wa kijiji, cha wanunuzi wa kahawa. Sasa mimi nilitafuta neno la Kihangaza la kumwambia seli, sikulipata. Nikahamia Kiswahili mbele yake.

“Kuna seli zako humo. Na bakteria. Tumeziona shuleni. Mtoto anakula shavu lako.”

Bibi akaacha kutafuna. Mdomoni alikuwa bado na karanga, na nikamsikia akizimeza. Kisha akauliza, kwa Kihangaza, taratibu, “Na wewe uliyelila hilo shavu, lilikuumiza wapi?”

“Nasikia kinyaa,” nikasema.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. “Koleta,” akasema, “usitukane wakunga na uzazi ungalipo.” Lakini akamwambia Bibi kwa sauti ya chini kwamba hata nesi wa zahanati, siku ya kupima watoto, alikataza. Chakula kipondwe kwa uma, hakitafunwi. Alijitahidi kulisema vizuri. Bibi alimtazama Mama, akanitazama mimi, akafuta kidole chake kwenye kitenge, kimoja kile kile, muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Kesho yake nilipotoka shule nilikuta sahani yangu imewekwa peke yake juu ya stuli, na kikombe peke yake, vimefunikwa. Bibi akasimama pembeni mikono imekunjwa.

“Karibu chakura, mwarimu,” akasema.

Kwa Kiswahili, tena kile chenye r mahali pa l kama wazee wetu wanavyokisema. Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Kuanzia siku ile nilisemeshwa Kiswahili. “Mwarimu, maji ya kuoga tayari.” “Mwarimu, mimi nakwenda kurara.” Alihamishia mkeka wake chumba cha Mama, akaniachia kitanda kizima. Hakunigombeza hata mara moja. Aliniheshimu, na sijawahi kuadhibiwa vibaya kama vile. Nilitaka mate yake yanitoke, sikutaka yeye anitoke, na kwa akili niliyokuwa nayo sikujua namna ya kupata kimoja bila kingine. Njiani sikuwa tena yule aliyetafuniwa. Bibi alipita na mimi mbele ya watu kimya kimya.

Deo naye akagoma. Ndizi ikapondwa kwa uma, akaisukuma nje kwa ulimi. Maharage yakakamuliwa kwenye kitambaa, akafunga mdomo na kugeuza shingo. Uji uliingia upande mmoja ukatokea upande mwingine, ukamganda kidevuni na kuchachuka, na inzi wakamjua. Mama alimlaza chali na kumziba pua ili afungue mdomo, akapaliwa, akatapika kila kitu kwenye nguo za Mama, matapishi meupe yenye uvuguvugu. Miguu yake ikapungua. Siku ya kupima, nesi alimtazama Mama kwa jicho ambalo Mama hakulisema nyumbani, ila tuliliona usoni mwake. Mama alianza kumtazama Bibi, kisha mimi, kisha Bibi tena.

Ndipo Bibi akasema, kwa kile Kiswahili chake, “Kesho nakwenda shure. Hivyo vitu vyangu nitaviona kwa macho.”

Alivaa kitenge cha Jumapili na rozari shingoni. Kiko alikiacha nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tulipofika kwenye chemchemi akaniambia nitangulie. Niligeuka nikamwona ameinama majini, anasugua meno kwa kijiti kilichotafunwa ncha, anasugua, anatema, anachota maji, anasugua tena. Alipotema mara ya mwisho mate yalitoka na damu. Nikageuka haraka nikatazama njia. Alikuwa amesikia kwamba anakwenda kuonyeshwa uchafu wake, akaona asiende nao wote.

Mwalimu Erasto alipomwona mlangoni alisimama. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Nimekuja kuonyeshwa mdomo wangu.”

Mwalimu alinitazama, akaelewa, akaingiwa aibu ya kutosha watu wawili. Ni jambo gumu kumwambia mama mtu mzima afungue mdomo ili umkwangue. Hakuhitaji kumwambia. Bibi alifumba macho, akafungua, akatoa ulimi kidogo kama anayepokea komunyo. Mwalimu alikwangua. Madirishani kulikuwa kumejaa vichwa vya darasa zima, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuliona lile jino bovu mpaka shina.

Mwanzoni Bibi aliona kope zake tu. Mwalimu akamwelekeza, funga jicho hili, shusha kichwa, ngoja. Akangoja. Kisha mgongo wake ukatulia, nikajua ameona.

“Ndiyo mimi huyu?”

“Ndiyo, bibi. Ni ngozi ya ndani ya shavu lako.”

“Na huyu mwarimu mdogo,” akasema bila kuinua kichwa, “mkwangue naye.”

Nikakwanguliwa. Vioo viwili vikawekwa mezani, cha Bibi kulia, changu kushoto. Bibi akatazama changu kwa muda mrefu. Akadai arudishiwe chake. Akadai changu tena. Mwalimu anabadilisha, jasho linamtoka, na nje wameacha hata kunong'ona. Mwishowe Bibi akainuka, akajinyoosha kiuno, akawaambia watu wa madirishani kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

“Ni mtu mmoja huyu. Zimefanana zote. Humu ndani hakuna ya kwake, ni zangu.”

“Bibi,” Mwalimu akasema kwa upole, “za binadamu zote hufanana. Hata zangu ziko hivyo hivyo.”

“Za kwako sijaziona,” Bibi akamjibu.

Nikainama nikatazama. Kioo cha kulia: vigamba vya kimanjano, vimekunjamana, jicho jeusi katikati. Kioo cha kushoto: vigamba vya kimanjano, vimekunjamana, jicho jeusi katikati. Lile nililokuwa naliogopa kwa siku zote zile lilikuwa limethibitishwa kwa hadubini ya serikali. Bibi alikuwa amesimama pale anatabasamu na mwanya wake wote. Nilikimbilia dirishani nikatapika. Wenzangu wakatawanyika, si wote waliowahi, na Restuta alinikumbusha viatu vyake mpaka tunamaliza kidato cha nne.

Tulirudi nyumbani wawili, Bibi mbele. Tulipopita chemchemi akasimama, akanigeukia, akafungua ncha ya kitenge chake cha Jumapili.

“Futa mdomo, mwana wanje,” akasema.

Kihangaza. Mwanangu. Ncha ile ilinuka tumbaku, jasho na kitu kilichochacha, nami nikaibana mdomoni na kulia humo humo. Nilisikia kinyaa na nilisikia furaha, vyote pamoja, na kama ningelazimishwa kupima ningesema kinyaa kilizidi kidogo. Mbele kidogo tukakutana na jirani yetu anatoka shamba. Bibi akanisukuma mbele.

“Huyu nimemtafunia mimi,” akamwambia. “Hata shule wameliona.”

Asubuhi yake Bibi alimchukua Deo mikononi mwa Mama. Akachukua sahani ya ndizi iliyopondwa, ile ile mtoto aliyoikataa jana, na kijiko. Hakutia kitu mdomoni. Alianza tu kutafuna, hewa tupu, taya linakwenda na kurudi, mashavu yanajaa na kupungua, huku anamtazama mtoto. Deo akamtazama. Taya likaendelea. Kisha na Deo akaanza kuchezesha mdomo wake mtupu, na ulipofunguka Bibi akapeleka kijiko, mtoto akameza. “Mtoto hatazami chakula,” Bibi akamwambia Mama, “anatazama mdomo.” Mama akaenda nje kujifanya anaanika maharage. Mimi nilibaki pale nimekodoa macho, maana hata kutafuna hewa kwenyewe kulikuwa na mate, yalimkusanyika Bibi pembeni mwa midomo, na ilibidi niangalie ukuta.

Mtihani nilifaulu, na swali la seli za shavu lilikuwemo. Kidato cha tatu tukafika kwenye mmeng'enyo wa chakula, nikajifunza kwamba kinachoshuka tumboni kinasagwa na asidi, seli za mtu na za haragwe bila ubaguzi, na hakuna inayobaki hai kugawanyika. Bibi hakuwa ndani yangu hata kidogo. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikaa pale dawatini nimemchukia mwalimu aliyesema hivyo, kama mtu aliyeambiwa kiwanja cha urithi si chake. Bibi sikumwambia kamwe.

Juzi hapa Mama alinipigia simu. Bibi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa uso umelala, na hafungui mdomo kwa mtu yeyote. Nikaacha mgahawa kwa wasichana, nikafunga nyama ya mbuzi ya kuchoma kwenye jani la mgomba, maana aliipenda, nikaenda zangu Nyakisasa. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito. Meno yamekwisha yote, hata lile bovu. Mate yalimtiririka upande uliolala yakalowanisha kanga, na chumba kilinuka mkojo na maziwa yaliyoganda. Kiswahili chake chote kilikuwa kimekwenda na ugonjwa, kilichobaki ni Kihangaza kizito, neno moja moja.

Nikaponda ndizi kwa uma. Akafunga mdomo. Nikakumbuka, nikaanza kutafuna hewa mbele yake, taya linakwenda na kurudi, nina umri huu na mgahawa wangu. Lile jicho lake zima likanitazama. Upande mmoja wa mdomo ukacheka.

“Hiyo,” akasema, “niliibuni mimi.” Akapumzika. “Nyama.”

“Huwezi kutafuna, Bibi.”

“Wewe,” akasema, “unaweza.”

Nilimtazama Mama, naye akatazama dirishani. Nikakata kipande kidogo, nikatia mdomoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi ngumu si kutafuna, ni kutomeza. Koo linavuta, linataka kilicho chake, nawe unakirudisha mbele kwa ulimi, unakitafuna tena, kinazidi kuwa laini, kinazidi kuwa cha moto, mpaka si nyama tena ila ni kitu cha mwilini mwako. Nilijionea kinyaa mimi mwenyewe. Nikakitoa kwa kidole. Kulikuwa na uzi wa mate. Ulimi wa Bibi ulikuwa mweupe wa ukoko, ufizi wake baridi, na harufu iliyotoka humo siwezi kuieleza kwa watu wanaotaka kula leo. Nikaweka. Ufizi ukakibana kidole, kisha ukakiachia, na akameza.

Nikatoka nje nikashika mti wa kahawa, nikatapika kila nilichokula tangu Nyakahura. Nikasukutua, nikanawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni, nikanawa tena. Niliporudi ndani mdomo ulikuwa wazi, unangoja.

Nikakata kipande kingine.